Kabla ya Kumlaumu Mtu wa Zamu, Kagua Waya wa Kipimajoto

 

Mara nyingi hapa tunazungumza chanjo ya mdondo, chakula cha vifaranga, minyoo na banda bora. Leo nataka tuzungumze jambo ambalo chuoni sikufundishwa, na ambalo lilinifanya nimkosee mtu. Ni kelele za umeme, yaani umeme wa waya mmoja kuingilia kazi ya waya mwingine, na namna ya kuzizuia kwa kutumia waya wenye kinga na athi iliyo sawa. Usiseme "mimi ni mfuga kuku, umeme haunihusu." Kama una mashine ya kutotolesha, mizani ya dijitali, au kidhibiti joto kwenye chumba cha vifaranga, linakuhusu.

Niseme mapema kwamba mimi si fundi umeme. Nina stashahada ya afya na uzalishaji wa mifugo. Nitakayoeleza nilionyeshwa na fundi, nikayaona kwa macho yangu, na baadaye nikayasoma zaidi. Kazi yoyote ya kufungua soketi au kibodi cha umeme mwachie fundi mwenye leseni.

Ilivyotokea

Katika kata ninayohudumia hapa Singida kuna kikundi cha akina mama kinachofuga kuku wa kienyeji. Walipata mkopo wa halmashauri wa asilimia 10, wakanunua mashine ya kutotolesha ya mayai 528. Mimi ndiye niliyewashauri wanunue, na mimi ndiye niliyewafundisha kuitumia.

Mzunguko wa kwanza waliweka mayai 480. Walipata vifaranga 371. Kwa kikundi kinachoanza, hayo ni matokeo mazuri. Walifurahi, na mimi nilifurahi. Nilipiga picha nikatuma wilayani.

Mzunguko wa pili waliweka tena mayai 480, kutoka kwa wafugaji wale wale. Siku ya 21 ilipofika mashine ilikuwa kimya. Vifaranga wa kwanza walianza kudonoa siku ya 22 jioni, na hadi siku ya 23 inaisha walikuwa wametoka 94. Wengi walikuwa dhaifu, matumbo makubwa na laini, vitovu havijafunga. Ndani ya siku tatu walikufa 31. Wakabaki 63.

Mayai waliyanunua kwa shilingi 500 kila moja, kwa hiyo hela ya mayai peke yake ilikuwa shilingi 240,000. Hapo hujahesabu umeme, siku 23 za watu kulinda mashine, na rejesho la mkopo lililokuwa linasubiri mwisho wa mwezi.

Mwenyekiti wa kikundi alinipigia simu. "Bwana Mifugo, njoo utuambie tumekosea wapi, maana hapa kuna watu wanataka kutoa mayai yao."

Nilikwenda. Kila mtaalamu wa kuku anajua kwamba vifaranga kuchelewa kutoka na kuwa dhaifu ni dalili ya joto la chini. Nikaomba daftari la zamu. Kila saa moja mtu wa zamu alitakiwa aandike joto linaloonekana kwenye kioo cha kidhibiti, na sisi tulikuwa tumekiweka kwenye nyuzi 37.7. Nikapitisha macho haraka haraka, nikaona jambo moja. Karibu kila siku saa 10 jioni joto lilianguka hadi nyuzi 35 au chini kidogo, kisha likapanda polepole hadi kurudi 37.7.

Saa 10 jioni ndipo zamu ya usiku inapoanza. Zamu hiyo ilikuwa ya binti mmoja, mtoto wa mwanakikundi, ambaye walikuwa wanampa posho.

Nikahitimisha hapo hapo. Nikasema binti akiingia zamu anafungua mlango wa mashine na kuuacha wazi. Aliposema hafungui, nikamwambia daftari halisemi uongo. Nikaandika taarifa: chanzo cha hasara ni uzembe wa mhudumu wa zamu ya usiku. Nikasaini. Kikundi kikamwondoa kwenye zamu na kuzuia posho yake ya shilingi 30,000.

Binti hakubishana tena. Alinipa shikamoo, akaondoka.

Naomba uangalie Jumapili

Baada ya kama wiki moja alikuja ofisini kwangu na mama yake. Mama yake hakuketi. Binti alitoa lile daftari, akalifungua mezani, akasema, "Bwana Mifugo, naomba uangalie Jumapili."

Nikaangalia. Katika mzunguko ule kulikuwa na Jumapili tatu, na zote tatu alikuwa zamu yeye. Saa 10 jioni joto lilikuwa 37.7. Saa 11, 37.6. Saa 12, 37.7. Halikuanguka hata mara moja.

Kisha akanionyesha kitu kingine ambacho nilikiruka. Siku za kawaida, saa 3 asubuhi, zamu ya mtu mwingine kabisa, joto lilikuwa linaruka ghafla hadi nyuzi 40 na zaidi, king'ora kinalia, halafu linashuka. Jumapili saa 3 hakuna kitu.

Nikamwuliza, "Jumapili kuna nini?"

Akajibu, "Jumapili pampu ya maji haiwashwi. Mhudumu wake anakwenda kanisani, na tangi hujazwa Jumamosi."

Ndugu msomaji, sikuwa na la kujibu. Daftari halikusema uongo. Mimi ndiye sikulisoma.

Pampu na mashine vinahusiana vipi?

Chumba cha mashine kiko kwenye jengo la zamani la kijiji. Chumba cha pili, ukuta mmoja, ndimo ilimofungwa inveta ya pampu ya sola ya kisima cha kijiji. Pampu hiyo ilianza kazi baada ya mzunguko wetu wa kwanza. Inawaka jua likishapanda, kama saa 3 asubuhi, na inazimwa saa 10 jioni.

Kitu cha pili kilichobadilika tulikifanya wenyewe. Watoto walikuwa wanaingia na kubonyeza vitufe vya kidhibiti, kwa hiyo kikundi kilikihamishia ukutani upande wa juu, mbali na mashine. Waya wa sensa ya joto haukufika, wakauunga kwa waya wa kawaida wa spika, mita 6 hivi. Ili upendeze wakaufunga kwa kamba za plastiki pamoja na kebo nene iliyokuwa tayari imepita ukutani. Kebo ile nene ndiyo inayotoka kwenye inveta kwenda kwenye mota ya pampu.

Nilikuwepo siku wanaufunga. Niliwasifu kwa usafi wa kazi.

Nikamwita fundi mmoja wa mjini anayetengeneza redio na vidhibiti. Alikuja na kipimajoto cha kioo, kile cha kawaida. Sisi cha kwetu kilivunjika mzunguko wa kwanza na hatukununua kingine. Akakiweka ndani ya mashine karibu na sensa, akasubiri. Ilikuwa saa 6 mchana, pampu inafanya kazi. Kioo cha kidhibiti kilionyesha 37.7. Kipimajoto cha kioo kilionyesha 34.9.

Akamwomba mhudumu wa pampu aizime kwa dakika moja. Ndani ya sekunde chache kidhibiti kikashuka kutoka 37.7 hadi 34.9. Pampu ikawashwa tena, namba ikapanda tena. Kipimajoto cha kioo hakikusogea.

Fundi akaniambia, "Hewa ya sanduku kubwa namna hii haiwezi kupoa karibu nyuzi 3 kwa sekunde tano. Joto halijabadilika. Kilichobadilika ni habari inayofika kwenye kidhibiti."

Hapo kila kitu kikaeleweka. Asubuhi pampu ikiwaka, namba inaruka juu kwa uongo. Kidhibiti kinadhani ndani kuna joto kali, kinazima hita. Akina mama nao, kwa kufuata ushauri wangu wa "joto likizidi fungueni mlango," wanafungua mlango. Ndani kunapoa hadi nyuzi 35 hivi, namba inasoma 37.7, kila mtu anaridhika. Mayai yanakaa kwenye baridi saa saba. Saa 10 jioni pampu inazimwa, namba inarudi kwenye ukweli, na binti anayeingia zamu anaonekana ndiye aliyeshusha joto. Kumbe saa 10 ndiyo saa pekee mashine ilianza kusema kweli, na yeye ndiye aliyekuwa akiyapasha mayai moto usiku kucha. Bila usiku wake, nadhani hata wale 63 tusingewapata.

Mimi nilitembelea mara mbili katika mzunguko ule, zote mbili kabla ya saa 3 asubuhi. Nilikuta kila kitu sawa.

Kelele za umeme ni nini?

Mwaka 1831 mwanasayansi wa Uingereza Michael Faraday alionyesha kwamba nguvu ya sumaku inapobadilika karibu na waya, umeme unazalishwa ndani ya waya huo bila kuguswa. Ndivyo jenereta na transfoma zinavyofanya kazi. Ndivyo pia waya wenye umeme mkubwa unavyoweza kupandikiza umeme kwenye waya mdogo uliolala kando yake. Mbali na sumaku, tofauti ya volti kati ya nyaya mbili zilizobanana nayo huvusha umeme kidogo kutoka mmoja kwenda mwingine.

Umeme wa gridi tunaotumia ni volti 230, unabadilika mara 50 kwa sekunde. Huo una kelele kiasi. Inveta ya pampu ni kali zaidi, kwa sababu inaendesha mota kwa kukata na kuwasha mamia ya volti maelfu ya mara kwa sekunde. Kila mkato ni mshtuko mdogo unaosambaa.

Sasa linganisha na waya wa sensa. Sensa nyingi za mashine zetu ni kipande kidogo ambacho upinzani wake unapungua joto likipanda. Aina iliyoenea ina omu 10,000 kwenye nyuzi 25, na kwenye joto la kutotolesha inabaki na omu 6,000 hivi. Kidhibiti kinapima mabadiliko hayo kwa umeme mdogo sana. Tofauti ya nyuzi moja inaweza kuwa kama volti 0.05 tu. Sensa za nyaya mbili za metali tofauti ni nyepesi zaidi. Aina inayotumika sana, aina ya K, hutoa kama sehemu 41 za milioni ya volti kwa kila nyuzi moja. Mizani ya dijitali nayo, ikipewa volti 5, mara nyingi hutoa volti 0.01 tu inapobeba mzigo wake wote. Ukiona mizani yako ya kuku inarukaruka namba mashine ya kusaga ikiwaka, usiitupe kwanza.

Ni sawa na mtu anayenong'ona kando ya mtu anayepiga kelele sokoni. Anayesikiliza atasikia maneno ambayo hayakusemwa.

Jinsi ya kujua kama una tatizo hili

1. Weka kipimajoto cha kioo ndani ya mashine siku zote. Hakina waya, hakidanganywi na umeme. Ukiona kinatofautiana na kidhibiti kwa zaidi ya nusu nyuzi, tafuta sababu kabla ya kugusa chochote.

2. Zima kimoja kimoja. Pampu, mashine ya kusaga, friji, inveta ya sola, chaja. Mtu mmoja azime, mwingine aangalie namba. Namba ikiruka hapo hapo kifaa kinapozimwa au kuwashwa, ni kelele za umeme. Joto la kweli hubadilika polepole.

3. Tumia redio ndogo ya betri. Iweke kwenye mawimbi ya AM, mahali pasipo na stesheni, uipitishe karibu na nyaya. Inapokoroma kwa nguvu ndipo kelele ilipo. Usitumie FM kwa kazi hii, yenyewe haisumbuliwi sana.

4. Angalia saa, si siku tu. Daftari la kila saa ndilo lililotuokoa. Tafuta saa zinazojirudia, halafu uliza ni kitu gani kingine kijijini kinawashwa au kuzimwa saa hizo.

5. Sikiliza mikono yako. Kama bati la mashine linakusisimua vidole kidogo ukiligusa, huenda athi haipo. Usiendelee kuligusa ili kupima. Zima, chomoa, mwite fundi.

Tulivyorekebisha

Fundi alifanya hatua moja moja, na kila baada ya hatua alisoma tofauti kati ya kidhibiti na kipimajoto cha kioo. Tulianza na tofauti ya nyuzi 2.8. Nakupa namba zetu uone uzito wa kila hatua. Kwako zinaweza kuwa nyingine.

*Hatua ya kwanza: kutenganisha.* Alikata kamba za plastiki, akauondoa waya wa sensa kwenye kebo ya mota, akaupitisha ukuta mwingine. Acha angalau sentimita 30 kati ya waya wa sensa na kebo ya umeme mkubwa, na kama lazima vikutane, vikatishane kama msalaba. Visilale sambamba. Tofauti ilishuka hadi 0.9. Hatua hii haikutugharimu hata shilingi.

*Hatua ya pili: kufupisha na kusokota.* Waya ulikuwa mrefu kuliko mahitaji, na uliobaki ulikuwa umezungushwa kama kitata cha kamba. Waya uliozungushwa hivyo unavuna kelele. Aliukata, kisha nyaya zake mbili akazisokota pamoja kama mtu anayesuka kamba ya katani. Zikisokotwa, kelele inayoingia kwenye msokoto mmoja inafutwa na ile ya msokoto unaofuata. Ni mbinu ya zamani. Alexander Graham Bell, yule wa simu, aliisajili Marekani mwaka 1881. Tofauti ikawa 0.4.

*Hatua ya tatu: waya wenye kinga.* Huu ni waya ambao nyaya zake za ndani zimezungukwa na wavu wa shaba au karatasi ya alumini, kisha plastiki juu. Mafundi wa redio na vipaza sauti wanao. Wavu unaikamata kelele kabla haijafika ndani.

Hapa wengi wanakosea, kwa hiyo soma taratibu. Fikiria paa la bati lenye gata. Bati linazuia mvua, lakini maji lazima yaelekezwe chini na gata. Paa bila gata litamwaga maji yote kwenye ukuta wako. Wavu wa waya ni bati, na athi ni gata. Wavu usiounganishwa popote hausaidii sana.

Kwa waya wa sensa kama wetu, unganisha wavu upande mmoja tu, upande wa kidhibiti, kwenye tamino ya athi. Upande wa sensa ukate wavu vizuri na uufunge kwa tepu ya umeme usiguse kitu. Kwa nini upande mmoja? Ukiunganisha pande zote mbili, na athi za pande hizo hazilingani kabisa, umeme utapita kwenye wavu kutoka upande mmoja kwenda mwingine, kama maji yanavyohama kati ya matangi mawili yaliyounganishwa kwa bomba na moja liko juu kuliko lingine. Umeme huo ukipita kwenye wavu unaleta kelele mpya. Pia usitumie wavu wenyewe kama mojawapo ya nyaya za sensa.

Mkia wa wavu unaokwenda kwenye tamino uwe mfupi, sentimita chache tu. Na usijaribu kuzungushia waya karatasi ya alumini ya jikoni. Italegea, itagusa tamino, itakuletea shoti.

*Hatua ya nne: athi.* Fundi alipofuatilia, alikuta soketi yetu ina tundu la tatu lakini nyuma yake hakuna waya. Halafu kikundi kilikuwa kinatumia ekstensheni ya pini mbili. Nje ya jengo kulikuwa na fimbo ya athi ya zamani, ila kibano chake kilikuwa kimeliwa na kutu hadi waya umeachia. Fundi umeme mwenye leseni alifunga kibano kipya, akarudisha waya wa kijani na njano hadi kwenye soketi, akapima kwa kifaa chake. Ardhi yetu ni ya mchanga na kiangazi inakauka sana, na ardhi kavu hupitisha umeme vibaya, kwa hiyo aliongeza fimbo nyingine na kuziunganisha pamoja. Watu wengine hujaza chumvi shimoni. Chumvi husaidia kupitisha umeme lakini inaila fimbo haraka, na mvua inaiosha.

Baada ya wavu na athi kufungwa, tofauti ikawa 0.1.

*Hatua ya tano: kutibu chanzo.* Tulizungumza na kamati ya maji. Fundi wao alikuta tamino ya athi ya inveta haikuwa na waya. Aliifunga, na kebo inayokwenda kwenye mota akaiingiza kwenye bomba la chuma lililounganishwa na athi pande zote mbili. Usichanganyikiwe. Waya wa sensa ni mdogo na unabeba habari, wavu wake huunganishwa upande mmoja. Kebo ya mota inatoa kelele za kasi kubwa, na kinga yake huunganishwa pande zote mbili ili kelele irudi ilikotoka kwa njia fupi. Pia alibana kipande cheusi cha ferite kwenye kebo. Ni kama ule uvimbe unaouona kwenye nyaya za baadhi ya kompyuta. Unapunguza kelele za kasi.

Baada ya hapo hatukuona tofauti tena.

Mambo ya kukwepa

- Usikate pini ya athi ili plagi iingie kwenye soketi ya pini mbili. Pini hiyo inalinda maisha ya mtu kwanza, kelele ni jambo la pili.
- Usiunganishe waya wa athi na waya wa bluu (zamani ulikuwa mweusi) wewe mwenyewe kwenye soketi. Hitilafu ikitokea, bati la mashine linaweza kuua.
- Usitegemee bomba la maji kuwa athi. Mabomba mengi siku hizi ni ya plastiki.
- Usifungue inveta hata ikiwa imezimwa. Ndani yake kuna vihifadhi umeme vinavyobaki na chaji. Muda wa kusubiri umeandikwa kwenye kibandiko chake, na kazi hiyo ni ya fundi.
- Usirekebishe namba za kidhibiti ili "zilingane" na kipimajoto cha kioo wakati kelele bado ipo. Mchana utapatia, usiku utayapika mayai.

Na binti?

Nilikwenda kwenye mkutano wa kikundi. Nikasimama mbele ya wote nikasema taarifa niliyoandika haikuwa sahihi, na kwamba chanzo kilikuwa waya uliofungwa mimi nikiwa naangalia na kusifu. Nikaandika taarifa nyingine kwenda wilayani ya kufuta ile ya kwanza. Hiyo ya pili ilikuwa ngumu kuisaini kuliko ile ya kwanza. Kikundi kikarudisha shilingi 30,000 zake. Mwenyekiti akamwomba radhi kwa niaba ya wenzake, nami nikaomba kwa niaba yangu.

Mama yake aliniambia, "Mwanangu, umesema mbele za watu, nimesikia. Lakini wiki ile mtoto hakuwa anakula." Sikuwa na la kuongeza.

Mzunguko wa tatu waliweka mayai 480. Siku ya 21 walitoka vifaranga 352. Rejesho lilichelewa mwezi mmoja, lakini lililipwa. Sasa binti yule ndiye mtunza kumbukumbu wa kikundi. Ameongeza safu mbili kwenye daftari: kipimajoto cha kioo, na "pampu inawaka au haiwaki." Nikienda kutembelea, ananifungulia ukurasa wa Jumapili kwanza, kisha ananitazama.

Ndugu mfugaji, vipimo vya mashine yako ya mayai ya kuku unavijua: nyuzi 37.5 hadi 37.8 kwa mashine yenye feni, kugeuza mayai hadi siku ya 18, kuongeza unyevu siku tatu za mwisho. Hayo yote ni sahihi. Lakini yanategemea namba unayoisoma iwe ya kweli. Kwa hiyo wiki hii fanya mambo matatu. Nunua kipimajoto cha kioo. Fuata kwa macho waya wa sensa yako kutoka mwanzo hadi mwisho, uone umelala na nani. Na mwite fundi mwenye leseni aangalie kama soketi yako ina athi kweli au ina tundu tu.

Na ikitokea hasara, kabla hujaandika jina la mtu, soma daftari lote, hata Jumapili.